Betri Iliyoanikwa Juani

Kuluthumu hakuwa mtu wa kulala mchana. Hata mimba ya mwanawe wa mwisho alilima nayo mpaka uchungu ukamkuta shambani, jembe mkononi. Kwa hiyo jina la Mama Usingizi, ambalo kijiji kizima kilimbandika ndani ya siku tatu, lilimuuma kuliko tusi la nguoni. Watoto walilisema wakikimbia. Wakubwa, wenye adabu zao, walingoja apite kwanza.

Kijiji chenyewe kiko kwenye vilima vya Kondoa, na adui yake mkubwa msimu wa mavuno si mwizi, ni tembo. Wakitoka porini wanafuata mtama na mahindi, na wakishaingia shambani hawana kuonja. Ndiyo maana kikaundwa kikundi cha kulinda mashamba, kikapewa redio za upepo sita. Kila redio ilikuwa na betri yake ya kuchaji, na kila betri ilipigwa namba mgongoni kwa rangi nyeupe ili zisichanganywe. Kuluthumu alipewa redio na betri namba tatu, akawekwa juu ya jabali kubwa ambako mtu huona bonde lote mpaka ng'ambo ya korongo. Kazi yake ilikuwa moja: akiona tembo, abonyeze kitufe aseme wako wapi na wanaelekea wapi. Wanaume waliokuwa chini wangekimbilia upande huo na fataki na moshi wa pilipili.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Hashimu, mdogo wake wa tumbo moja. Hashimu alikuwa na redio namba tano, alisimama kando ya korongo, na kwa kuwa nyumba yake ndiyo yenye sola, betri zote zililala kwake zikichajiwa. Kuluthumu alimlea yule. Mama yao alikufa Hashimu akiwa bado hajaota meno ya mbele, na dada mtu akawa mama kabla hajawa mwanamwali. Alimbeba mgongoni kwenda kisimani, akambeba mgongoni kwenda shambani, na siku Hashimu alipochaguliwa uenyekiti, Kuluthumu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Sasa siku ya mkasa. Ilikuwa wiki ya mawingu, masika yakiaga kwa shingo upande, na jua lilichomoza mara moja moja. Saa tisa alasiri Kuluthumu alikuwa anajiandaa kwenda kuchukua betri yake, Hashimu akamtokea mlangoni na redio mkononi, betri imeshapachikwa.

"Nimekuletea mwenyewe, dada, usihangaike na tope," alisema. "Kuna mahali gamba la betri limelegea, nimelizungushia utepe. Usiufungue."

Utepe ulikuwa ule mweusi wa mafundi umeme, umezungushwa mara tatu nne, na juu yake mtu ameandika tatu kwa wino mweupe. Kuluthumu aliona mdogo wake amemjali. Alimshukuru, akamfungia viazi vitamu viwili, akapanda jabali.

Tembo walikuwa watano. Aliwaona jua likiwa bado liko juu ya kilima, wakitoka kwenye kichaka upande wa kaskazini, ambako hawakuwahi kutokea mwaka huo. Akabonyeza kitufe. "Tembo watano, wako—" Taa nyekundu ikawaka, ikazimika, na redio ikafa mkononi mwake. Alizima akawasha. Alitoa betri, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Kisha akafanya alichoweza kufanya, yaani kushuka mbio akipiga kelele, na kushuka jabali lile ni nusu saa hata kwa mbuzi. Alipofika bondeni mashamba ya nyumba tatu yalikuwa yamelazwa chini, na Mzee Ibrahimu, aliyekuwa kibandani kwake akingoja redio za vijana ziseme kitu, alikuwa amekanyagwa mguu. Mzee yule hakupiga kelele. Alimtazama Kuluthumu akauliza taratibu, "Mwanangu, ulilala?"

Kesho yake kikundi kilikaa. Kuluthumu alieleza kila kitu. Hashimu akaichukua redio, akaiwasha mbele ya watu, na redio ile isiyo na haya ikawaka taa ya kijani. Watu wakaguna. Kuluthumu alibaki mdomo wazi, maana alikuwa ameiacha imekufa fofofo.

Ndipo Hashimu akasema maneno ambayo dada yake aliyashukuru wakati ule, na akaja kuyalaani baadaye. Alisema, "Jamani, msimlaumu dada yangu. Amechoka, ana watoto, ana shamba. Usingizi hauna adabu, humpata yeyote."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyeuliza tena habari ya betri, kwa sababu aliyemtetea ndiye aliyekuwa ameshatoa hukumu. Wakakubaliana kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, redio ya jabalini ipewe mtu mwingine. Kuluthumu alirudi nyumbani na machozi ya aibu, na bado akamwambia mumewe kwamba Hashimu peke yake ndiye aliyesimama upande wake.

Hilo la kunyang'anywa redio ndilo lililomkosesha raha. Kwenye jabali lile alikuwa mtu. Wanaume waliokuwa hawamsalimii vizuri kisimani walikuwa wakimuuliza kwa redio, "Tuende wapi?" naye akawaambia, wakaenda. Sasa angeshuka akiwa Mama Usingizi, na jina la namna hiyo mtu huzikwa nalo. Akajiambia kwamba betri ile ina ushahidi ndani yake, kama tu angepata mtu wa kuisoma.

Hashimu alipita mara mbili kuiulizia. "Nipe hiyo betri niitupe, dada, isije ikakutia uchungu bure." Mara ya tatu alimtuma mkewe Rukia, ambaye aliomba betri huku anatazama kuku uani. Kuluthumu aliwaambia hakumbuki alipoiweka. Hakuwa na shaka yoyote, alitaka tu kwanza iangaliwe na fundi, halafu wafanye nayo watakavyo. Jumatano alfajiri aliitia kwenye mkoba pamoja na redio, akapanda basi la Dodoma.

Fundi aliyeelekezwa alikuwa Chang'ombe, kwenye kibanda chembamba kati ya muuza chipsi na duka la vifungashio. Jina lake Optatus, mtu wa Bukoba, na kama walivyo baadhi ya watu wa huko hakuacha dakika tano zipite kabla hujajua amesoma. Alitengeneza redio za walinzi wa mjini, na ukutani alikuwa amezitundika kwa mikanda yake kama mishikaki.

"Karibu mama. Mgonjwa ni nani, redio au betri?"

"Ndicho kilichonileta, fundi. Nataka uniambie ukweli, na ukiweza uuandike."

Optatus aliiwasha redio, ikawaka kijani. Kuluthumu akavunjika moyo. Fundi akabonyeza kitufe cha kusemea, akahesabu moja, mbili, tatu, na redio ikazimika.

"Umeona?" alisema. "Betri iliyochoka ukiipumzisha inapata nguvu kidogo. Redio kusikiliza ni kunywa chai, lakini kusema ni kubeba gunia. Hii inaweza kunywa chai tu."

Kuluthumu alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Kwa hiyo sikulala," alisema.

"Kulala kwako sikujui, mama. Ninachojua, hii isingekuruhusu kusema hata ungekesha."

Kuluthumu alitaka aandikiwe hapohapo, lakini fundi alikuwa mtu wa kujua sababu ya kifo. Akachukua wembe, akaukata ule utepe mweusi, akaubandua polepole. Betri ikafumuka ubavuni. Ilikuwa imevimba katikati, viungo vya plastiki vimeachana, na utepe ndio uliokuwa umeibana. Upande mmoja wa plastiki ulikuwa na mistari mitatu iliyonyooka, imeyeyuka kidogo, imeachana sawasawa. Optatus aliigeuza kwenye mwanga akaguna.

"Hii iliwekwa juu ya bati," alisema. "Hapa ndipo migongo ya bati ilipogusa. Mtu ameianika juani. Watu wanadhani ni kama yale mawe ya redio ya zamani, ambayo yakiisha unayaanika yanapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Hizi ni za aina nyingine. Ukiianika umeiua."

Kuluthumu hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anatazama mgongo wa betri, pale utepe ulipokuwa. Palikuwa na namba kwa rangi nyeupe, ile ya siku ya kwanza, na haikuwa tatu. Ilikuwa tano.

Aliishika akaisugua kwa kidole gumba, labda ni uchafu. Rangi haikutoka. Fundi akamuuliza kama anajisikia vibaya, akamsogezea kigoda. Alikaa, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani: betri iliyoletwa mpaka mlangoni, utepe usiofunguliwa, safari tatu za kuja kuiomba. Na yale maneno, usingizi hauna adabu. Mtu aliyeyasema alikuwa na betri namba tatu, nzima, kiunoni mwake, wakati anayasema. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hashimu hakula na wa kwao. Alimpakulia dada yake sahani nzima, yeye akanawa mikono.

"Fundi," alisema, "niwekee nyingine."

Optatus alimtafutia betri mpya ya aina ileile, akaipima kwa mita, akasafisha vile vidomo vya shaba kwenye redio kwa pamba yenye spiriti, akaipachika mpaka ikalia. Akamwambia aichaji mpaka taa igeuke kijani kabla ya kuitumia, asiiache juani wala karibu na moto, na kama ikivimba aitoe siku hiyohiyo. Kisha akaandika karatasi kwa mwandiko wa kujivuna, kwamba betri iliharibiwa na joto kali na isingeweza kurusha sauti. Kuluthumu aliikunja karatasi lakini akilini haikuwa na thamani tena. Alikuwa amekuja kutafuta kusafishwa jina, na alikuwa amesafishwa, na angelipa chochote arudi kuwa Mama Usingizi mwenye mdogo wake.

Alhamisi jioni alikwenda kwa Hashimu. Rukia alimkaribisha, akampa stuli, halafu akaingia ndani asitoke. Kuluthumu aliiweka betri juu ya mkeka, namba ikiwa juu.

Hashimu aliitazama. "Nani aliyekwambia uifungue?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza, na Kuluthumu hakulisahau.

"Kwa nini, Hashimu?"

"Mawingu, dada. Sola haikujaza, yangu ilikuwa imekwisha kabisa. Nikaianika juu ya bati tangu asubuhi. Si wewe uliyenifundisha? Redio ya baba tulikuwa tunaianikia mawe, wewe unapanda juu ya banda, mimi nakushikia ngazi. Mchana nikakuta imevimba. Mimi ni mwenyekiti. Nimesimama mbele ya watu kuwaambia wasiweke betri juani, tulifundishwa, na mimi nimeweka. Ningesema nini?"

"Ungesema hivyohivyo ulivyosema sasa."

"Nilidhani itakufikisha magharibi. Tembo hawajawahi kutoka kaskazini mwaka huu."

"Na siku ya kikao? Ulikuwa unadhani nini?"

Akasema kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia utotoni akiwa amevunja chungu, "Wewe wangekusamehe, dada. Mwanamke akisinzia watu wanacheka, yanapita. Mimi wangenitoa."

Kuluthumu hakuwa amejua kwamba mdogo wake alimpima hivyo, kama kitu ambacho kikivunjika hakina hasara. Alitaka kumzaba kofi. Lakini mkono uliomlea una mazoea yake, ukabaki mapajani.

"Kesho ni Ijumaa," alisema. "Sitasema mimi. Utasimama mwenyewe useme, Mzee Ibrahimu asikie kutoka mdomoni mwako. Ukisema mwenyewe, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama kukuombea."

Hashimu akaitikia kwa kichwa. Akamshika mkono, akasema, "Asante, dada." Hata machozi yalimlengalenga. Kuluthumu alirudi kwake akiwa na nafuu kidogo, mjinga wa watu, akidhani amempa mdogo wake usiku mmoja wa kutubu. Kumbe amempa usiku mmoja wa kujipanga.

Ijumaa baada ya swala watu walikaa chini mbele ya ofisi ya kijiji. Mzee Ibrahimu aliletwa, mguu umefungwa plasta, akawekwa kwenye kiti. Kuluthumu alimwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba bila kumtazama. Hashimu akasimama. Alivaa kanzu safi, na betri ilikuwa mkononi mwake, maana dada yake alimwachia ili aionyeshe mwenyewe.

"Ndugu zangu, jambo limejulikana," alianza. "Betri iliyokuwa kwenye redio ya jabalini siku ile si namba tatu. Ni namba tano, yangu, na imeharibika kwa kuanikwa juani." Watu wakainua vichwa. Kuluthumu akajisogeza ili asimame kumuombea kama alivyoahidi. "Inaniuma kusema hili," Hashimu akaendelea, "lakini dada yangu alikuja kwangu mchana ule mimi sipo. Alikuta yake haijajaa, akachukua yangu, akaianika. Ilipovimba akaifunga utepe. Nilimficha kwa sababu ni dada yangu, nikasema alisinzia. Sasa nimeona kuficha ni dhambi. Mke wangu alimwona."

Kuluthumu alikuwa nusu amesimama, nusu amekaa. Kama mtu angemchoma kisu pale angeomba dakika moja, amalize kwanza maumivu haya. Akawatazama watu wanaomfahamu tangu kuzaliwa, akaona nyuso zinafungwa moja baada ya nyingine. Alijua kwamba lolote atakalosema sasa litakuwa la mwizi aliyekamatwa. Karatasi ya fundi ilikuwa kifuani mwake, na haikutaja ni nani aliyeanika.

Mzee Ibrahimu alipiga fimbo chini. "Rukia yuko wapi?"

Rukia alikuwa nyuma ya wanawake wenzake. Akasogea mbele, amejitanda mtandio mpaka machoni.

"Mwanangu, leo ni Ijumaa," alisema mzee. "Mimi mguu wangu hautarudi kama zamani, sitaki kesi, nataka kujua tu. Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ulimwona Kuluthumu anaichukua hii betri."

Rukia alimtazama mumewe. Hashimu akamtikisia kichwa kidogo, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mkewe chumvi. Rukia akatazama chini.

"Siwezi kuapa, mzee," alisema.

"Huwezi kwa sababu hukumbuki?"

"Nakumbuka. Aliyepanda juu ya bati ni baba watoto. Mimi ndiye niliyeshika ngazi."

Alirudi akakaa mahali pake, na wanawake wa kushoto na kulia kwake wakamsogelea mpaka mabega yakagusana naye. Hashimu alibaki amesimama na ile betri mkononi, anaigeuza upande huu na huu, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kuitazama.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Uenyekiti akavuliwa palepale. Wengine walitaka atolewe kabisa, lakini mtu wa korongoni anatakiwa awe na mbio, na wenye mbio kijijini hawazidi wanne, kwa hiyo akaachiwa redio yake. Mzee Ibrahimu alimwita Kuluthumu, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele ya watu, na wale waliokuwa wakimwita Mama Usingizi wakaja mmoja mmoja na maneno matamu. Aliwaitikia wote. Redio ya jabalini ikarudi mikononi mwake na betri mpya ya Chang'ombe. Alikuwa amepata kila alichokitaka alipopanda basi Jumatano, na njia nzima ya kwenda nyumbani alilia kwa sauti kama aliyefiwa. Mumewe alimbebea mkoba.

Kesho yake alasiri alipanda jabali. Bonde lilikuwa kimya, mtama uliosalia umesimama, na kule korongoni aliliona shati la bluu la Hashimu, dogo kama shanga. Aliwasha redio. Kila mtu akaitikia kwa zamu kutoka mahali pake kama ilivyo desturi, na zamu ya korongo ilipofika alimwita kwa namba, naye akaitika kwa namba.

Baada ya kitambo redio ikakoroma.

"Dada," ilisema sauti ya Hashimu. "Dada, unanisikia?"

Alimsikia vizuri sana. Betri mpya ilileta hata pumzi yake, na namna alivyomeza mate kabla ya kusema tena.

"Dada, nisamehe. Nijibu basi."

Wenzao wanne waliokuwa na redio walikuwa wanasikiliza, kila mmoja alipo, na hakuna aliyethubutu kugusa kitufe. Kuluthumu alitazama kaskazini kwenye kile kichaka, akatazama ng'ambo ya korongo, akahakikisha hakuna kinachotikisika. Kisha akabonyeza.

"Namba tano," alisema, "kama huna tembo wa kuniambia, nyamaza, utunze chaji."